Uliza Upepo Kabla ya Kutoboa Gari

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi kule Vuga, ukungu haujaachia migomba, nimesimama nyuma ya gari la marehemu baba na keekee ya kutobolea mkononi. Shangazi Naomi akaniuliza swali moja tu, nikaishusha keekee. Swali hilo ndilo ninalokuletea leo, mwanangu, maana nimesikia umenunua lile bawa la nyuma mnaloliita spoila, na unataka kulifunga mwenyewe hapo uani. Sikukatazi. Mimi nililifunga wewe hujazaliwa, tena la bati. Keti kwanza.

Baba na mama walitutoka mapema, na mimi ndiye niliyekuwa kifungua mimba. Niliacha shule darasa la sita. Yatima hadeki, na wadogo zangu walihitaji bada, ugali wetu wa muhogo, na maharage jioni kama watoto wa wenzetu. Baba alituachia Pijo, lile la nyuma ndefu, mlango wake wa nyuma unafunguka kwenda juu. Nilipopata leseni nikaanza kubeba abiria na kabichi kutoka Vuga kushuka Mombo. Zilikuwa enzi za Ujamaa. Shamba la kijiji tulilima pamoja, lakini magari huku milimani yalikuwa machache, na lile letu ndilo lililotuweka chini ya paa moja.

Mjomba wetu wa Magoma, kaka yake mama, hakulipenda. Alisema mbele ya wazee wa ukoo, "Gari ni mdomo. Likikosa abiria litawatafuna ninyi. Kiangazi kikiisha nitakuja. Nikikuta watu hawapandi, liuzwe, na watoto tugawane." Tugawane, mwanangu! Kama mafungu ya nyanya. Mdogo wangu Tumaini angepelekwa kwa ndugu zetu wa Zirai, wengine Magoma, na mimi sijui wapi.

Na kweli abiria walikuwa wanaanza kunikimbia, kwa sababu ya vumbi. Mama mmoja alishuka Mombo, akakung'uta khanga yake, akaniambia mbele za watu, "Dereva, nimepanda mtu, umenishusha gunia la unga." Wakacheka wote. Siku iliyofuata wakasubiri lori.

Vumbi lile lilinishangaza kuliko lilivyonikera. Gari linakwenda mbele, vumbi linabaki nyuma; sasa linaingiaje kupitia mlango wa nyuma? Kitu unachokikimbia kitakupataje, nacho hakina miguu? Niliziba mlango kwa mpira, nikaziba kwa matambara. Likaingia. Ndipo magari ya mashindano yalipopita barabara ya bondeni, nikaliona moja lina bawa juu ya buti, chini ya kioo. Nikajiambia, dawa ndiyo hii. Nikakata bati la pipa, nikalipinda juu ya gogo, nikalisugua mpaka likang'aa. Wahenga wana methali kuhusu anayemuiga tembo. Sitaimaliza, maana chakula kiko mezani.

Basi asubuhi ile nimeshapiga alama chini ya kioo, nataka kutoboa. Shangazi Naomi, dada mkubwa wa baba, alikuwa uani na ungo wake, anapepeta maharage.

"Baba," akaniita, kama shangazi wa kwetu anavyomwita mtoto wa kaka yake, "upepo unapita hapo?"

"Upepo unapita kila mahali, shangazi."

"Eti kila mahali! Angekuwa mkeo anapepeta hivyo, mngekula makapi." Akachukua makapi kiganjani, akayarusha juu. Tukayatazama yakielea, yakakata kona, yakaangukia mlangoni kwa jirani. "Mimi sigeuzi ungo kabla sijamuuliza upepo anakwenda wapi. Wewe unataka kumtoboa marehemu tumbo bila kuuliza?"

Nikasema upepo hauonekani. Akaingia ndani, akatoka na sweta lake kuukuu, akalifumua mkono. Tukakata nyuzi ndefu za sufu, tukazibandika kwa ulimbo wa mti, nyingine kwenye ukingo wa nyuma wa paa, nyingine kwenye kioo, nyingine mlangoni. Nikadhani atanituma niende mwenyewe. Wapi! Alipanda nyuma, akakaa akitazama tulikotoka, miguu juu ya gunia, akaniamuru nishuke kuelekea Soni.

"Kaza mwendo!" akapiga kelele. "Juu zimenyooka, baba! Zimelala kama nywele zilizochanwa!" Akainama karibu na kioo. Kisha, "Ajabu! Za kwenye kioo zinageuka. Zinarudi kwangu! Upepo unarudi kama mtu aliyesahau kitu nyumbani!"

Nikafunga breki. Tukatazamana, yeye uso mweupe kwa vumbi, nyusi zote mvi. Hapo ndipo nilipoelewa. Upepo wa paa ukifika ukingoni haushuki taratibu. Unaruka, unaacha shimo tupu nyuma ya gari, na vumbi la magurudumu linakimbilia shimo lile. Pale nilipotaka kutoboa palikuwa ndani ya shimo. Bawa langu lingekaa pale kama kiti kwenye nyumba isiyo na watu.

"Basi tulipandishe ukingoni mwa paa," nikasema, nikashika keekee.

"Kamba kwanza," akasema shangazi. "Kamba ukikosea unafungua. Tundu ukikosea litabaki na jina lako."

Tulilifunga kwa kamba na vipande vya mpira wa tairi. Mara ya kwanza nililibana na paa kabisa. Vumbi likaingia vilevile. Tukaliinua, tukaacha nafasi ya kupitisha kiganja, na ukingo wake wa nyuma nikauinamisha. Tulishuka na kupanda tena, Tumaini akisoma nyuzi, shangazi akimbishia. Siku nyuzi za kioo zilipolala kutazama chini, ndipo nilipotoboa. Chini ya kila skrubu niliweka mpira, na ndani ya paa nikaweka bati la kuegemea, paa lisichanike. Kisha nikamwaga maji ndoo kwa ndoo kuona kama yanavuja, maana mvua za kwetu hazibishi hodi.

Mjomba alikuja kiangazi kilipoisha. Nilimpokea Mombo, "Shikamoo mjomba," akaitikia "Marahaba" kwa ubaridi. Alikuwa amevaa shati jeupe, na alikwenda kukaa kiti cha nyuma kabisa, makusudi. Tulipofika Vuga alishuka, akageuza kola, akaitazama.

"Vumbi lipo," akasema.

"Lipo, mjomba. Limepungua, halijaisha."

"Na hilo bati?"

Nikamweleza. Nilipofika kwenye upepo unaorudi, akanikatiza. "Mwongo wewe! Upepo haurudi." Shangazi akaja na nyuzi, akazibandika chini mlangoni, ambako upepo wa bati haufiki. Mjomba na umri wake akapanda tena, akakaa akitazama nyuma, tukashuka mpaka kona ya pili, na tulimsikia wote, "Unarudi! Mama yangu, unarudi!"

Usiku ule, chakula kikiwa kinaandaliwa, alimwambia shangazi, "Wakae. Wakae na gari lao." Hakulizungumza tena, na hatukugawanywa.

Mwanangu, bawa uliloliona kwenye gari la mwenzio linajibu swali la mwenzio. Jua kwanza lako ni lipi. Kuuliza si ujinga, hata ukimuuliza upepo. Lijaribu kwa kamba na utepe wa gundi, endesha, tazama, shuka, tazama tena. Angalia kama mlango unafunguka bila kugonga na kama taa za nyuma hazikufichwa. Toboa mwisho. Weka mpira chini ya skrubu. Na mtu mzima akikusimamisha kwa swali, weka keekee chini kwanza, ndipo umjibu.

Mungu akuongoze kwenye kona zote za milima hii. Akupe mikono yenye subira na macho yasiyochoka kushangaa, na kila unayempakia nyuma yako, umfikishe kwao salama.