Motokari Iliyochoka Asubuhi

Kabla ya yote, ninawaomba mutazame maandishi yangu kwa huruma. Shule yangu iliishia primeri, na mukono wangu umezoea usukani kuliko kalamu. Pahali nimekosea herufi, musome kwa sauti kama munavyosikia watu wakisema sokoni, mutaelewa. Nimechukua siku nyingi kuandika hii kwa sababu ninataka kusema jambo moja sawasawa: kama inafaa kununua ile mashine ya kubadilisha programu ya kompyuta ya moteri, kwa motokari inayofanya kazi katika muchanga na barabara kama zetu.

Motokari yenyewe ni ya mujomba, ndugu ya mama yangu. Ni pikapu ya mazuti, yaani dizeli, inayovuta kwa magurudumu yote manne. Moteri yake, yaani injini, inaongozwa na kompyuta, kisanduku kilichofichwa ndani, ambacho kinaamua mazuti kiasi gani yaingie. Sisi ni watu wa Mantapala, makazi ya wakimbizi ng'ambo ya mupaka. Tulitoka Kongo nilipokuwa mutoto. Mama anauza mafuta ya mawese na unga wa muhogo. Mujomba alikuwa anabeba wanamama na mizigo yao hadi soko la Kashikishi, kisha anafuata ukingo wa ziwa kuelekea Chienge kuchukua chisense, vile visamaki vidogo vinavyoanikwa juu ya muchanga.

Alipovunjika muguu alinipa ufunguo. Hakuwa na mutu mwingine. Mimi njo, yaani ndiye, alinifundisha kuendesha, tangu siku miguu yangu ilipofika kwenye pedali. Watu walishangaa kuona musichana kwenye usukani, na tena musichana asiyejua kujibu salamu bila kuangalia chini. Lakini nikiwa ndani ya motokari sihitaji maneno. Barabara inauliza, mikono inajibu. Niliipenda ile kazi kuliko kitu chochote nilichopata kufanya, na nilijua nikiipoteza sitaipata tena.

Shida ilianza miezi ya baridi. Kuna kambi moja ya wavuvi mbele ya Kashikishi, iko chini kabisa karibu na maji, na kutoka pale unapanda mulima mufupi wa muchanga mulaini hadi barabara kubwa. Tulikuwa tunalala kwenye kambi na kupakia chisense mapema, ili mizigo ifike sokoni kabla wanunuzi hawajatawanyika. Kila nilipoanza kupanda, moteri ilikosa pumzi. Ninakanyaga, inalia, lakini haivuti. Katikati ya mulima inazimika, na wanamama wanashuka kusukuma, wakipandisha vitenge juu ya magoti.

Mufanyabiashara mumoja wa pale ziwani alikuwa mama munene mwenye sauti kubwa; Kiswahili anakitumia kwa biashara tu, lugha ya nyumbani kwake ni Kibemba. Wote tunamwita bamayo, yaani mama. Alisukuma mara moja, akasimama, akapangusa jasho.

"Iwe, shofere, motokari yako imelala njaa?"

"Si motokari, bamayo," akajibu mwingine. "Shofere njo mwepesi. Tumujaze mawe kwa mifuko, motokari isikie iko na mutu."

Walicheka na kusukuma tena. Mimi nilishika usukani na kungoja.

Habari ilimufikia mujomba haraka, maana Mantapala habari haihitaji motokari. Muguu wake ulikuwa umeanza kupona. Siku moja baada ya chakula cha muchana aliweka fimbo kati ya viti, akaendesha mwenyewe hadi kambini, tukapakia magunia, akapanda ule mulima bila kusimama hata kidogo. Juu alizima moteri, akaniangalia.

"Umeona? Motokari haina ugonjwa. Muguu wako njo hauna nguvu. Unakanyaga kama mutu anayeogopa kuamsha mutoto."

"Ninakanyaga, mujomba."

"Basi tutaiongezea nguvu, izibe udhaifu wako. Kuna fundi Kashikishi eko na mashine ya kuandika programu mupya. Banasema motokari inakuwa simba. Na kama hata na ile haupandi, nitaita shofere mwanaume. Weye utarudi shamba na mama yako."

Alisema bila hasira, na hiyo ilinitisha zaidi. Mujomba akikasirika hubadilisha mawazo kesho yake. Akitulia, ameamua.

Fundi alikuja nyumbani kwetu asubuhi, akiwa amejifunika koti hadi masikio. Alikuwa kijana kutoka Lubumbashi, mupole, mwenye kompyuta ndogo ndani ya mufuko wa shule. Akachomeka waya chini ya usukani, akaniambia niwashe moteri na kukanyaga. Akatazama namba zikipanda na kushuka.

"Baba, sitaandika kitu leo," alimwambia mujomba. "Hii moteri inaomba mazuti, lakini mazuti hayafiki."

"Uiandikie iombe kwa nguvu."

"Mutu akikabwa koo, hata umuongezee bukari kwa sahani, itabaki palepale kwa sahani."

"Koo gani? Juzi nimepanda na magunia, muchana, na jua kali. Haikukohoa."

Nilikuwa nimekaa kwenye usukani, mulango wazi. Nikafikiri: yeye alipanda muchana. Mimi sikuwahi kupanda muchana na muzigo. Safari zangu zote za kambini zilikuwa asubuhi, wakati mikono inakauka kwa baridi. Kwa hiyo si muguu. Kuna kitu ndani ya motokari ambacho baridi inakigusa na jua linakiachilia.

Nyuma ya nyumba mama alikuwa amewasha moto kidogo, na bidoni yake, dumu la mawese, iko pembeni ya moto. Kila asubuhi ya baridi anafanya vile, kwa sababu mafuta ya mawese yanaganda kama sabuni na hayawezi kumiminika hadi yapate joto. Nilikuwa nimeona hii kazi tangu utoto wangu, na sikuwahi kuiunganisha na motokari.

Mazuti yetu tunayanunua kwa wingi na kuyaweka nyumbani. Tunayaweka ndani ya bidoni za njano za mama, zile zilizokwisha mawese. Kila mutu Mantapala anafanya hivyo. Bidoni ya maji tunaisugua kwa muchanga na majivu hadi inanuka safi. Bidoni ya mazuti hakuna anayeisugua. "Mafuta na mafuta ni ndugu," mujomba alikuwa anasema akimimina, na sisi tulikubali.

Nilishuka. Kusema mbele ya watu kunanifunga ulimi, kwa hiyo sikusema. Niliingia jikoni, nikachukua kisu, nikaenda pale bidoni za mazuti zinapopangwa. Niliinua moja iliyokuwa tupu, nikailaza chini na kuipasua kutoka shingoni hadi kwenye kitako.

Mama alikuja mbio. "Weye, bidoni yangu muzima unaipasua kama papai? Umepata wazimu?"

Niliifungua kwa mikono. Ndani, kwenye pembe na kwenye kitako, kulikuwa na ngozi nene ya rangi ya machungwa. Nilikwangua kwa kisu, nikamupelekea fundi donge juu ya kiganja changu.

Alilinusa. Akaangalia bidoni, akaangalia mama, kisha akainama chini ya kifuniko cha moteri. Akatoa filta, akaikata. Karatasi yake ilikuwa imejaa uji wa rangi ileile.

"Njo koo hii," akasema. "Dada amelipata. Jua likiwaka inayeyuka, inapita. Baridi ikirudi inaziba."

Mujomba aligeuza ile filta mikononi. Mama alianza kucheka, akafunika mudomo na kitenge.

"Ndugu yako huyo," akamwambia mujomba. "Mafuta na mafuta. Uwakaribishe nyumbani tena."

Tulimwaga mazuti yote, tukasafisha tanki, fundi akaweka filta mupya. Moteri ikawaka na sauti niliyokuwa nimeisahau. Nilifikiri mambo yameisha. Lakini mujomba si mutu wa kuacha wazo lake barabarani.

"Vizuri," akasema. "Koo limefunguka. Sasa tuilishe."

Fundi alitutazama, mimi na mujomba, akatoa kisanduku kidogo kwenye mufuko wake. Akasema anaweza kutuazima tujaribu. Ukikichomeka, kinaandika maagizo mengine ndani ya kompyuta ya moteri. Usipoyapenda, unabonyeza, na maagizo ya zamani yanarudi. Alinionyesha mara moja, na mimi nikamuomba anionyeshe tena.

"Weye utaendesha," mujomba akaniambia. "Asubuhi, kambini, na muzigo mujaa. Ukikwama, ufunguo unarudi kwangu."

Nilikubali kwa kichwa.

Sitadanganya: kwenye barabara ngumu kile kisanduku kilikuwa kitamu. Kutoka Mantapala hadi Nchelenge motokari ilikimbia kama imetua muzigo. Nikigusa pedali, inaruka. Mujomba alikaa kando yangu akipiga paja lake kila tulipopita motokari nyingine. Hata mimi nilitabasamu, na nikaanza kuogopa kwamba yeye alisema kweli.

Tulilala kambini, na asubuhi tulipakia magunia hadi juu. Baridi ilikuwa kali, moshi wa mioto ya wavuvi umelala juu ya maji. Bamayo alizunguka motokari akiichunguza kama mutu anayenunua mbuzi.

"Leo imekula?"

"Imekula hadi imevimba," mujomba akamujibu.

Niliingia katika muchanga polepole, kama siku zote. Muchanga mulaini unataka nguvu inayokuja kidogo kidogo, isiyokatika na isiyozidi. Lakini kwa kile kisanduku nguvu haikuja hivyo. Niligusa pedali, hakuna kitu; nikaongeza kidogo tu, ikaja yote pamoja. Magurudumu yakazunguka mara moja, muchanga ukaruka nyuma hadi juu ya wanamama waliokuwa wanafuata kwa miguu, tayari kusukuma, na motokari ikajichimbia shimo hadi tumbo likagusa chini.

Bamayo alikung'uta muchanga kwenye nywele zake. "Kweli imeshiba. Imelala."

Mujomba alinyoosha mukono bila kunitazama. Alitaka ufunguo.

"Bado," nikasema.

Sikuwahi kumwambia mujomba neno hilo. Yeye pia alilisikia, maana mukono wake ulibaki hewani. Lakini nilikuwa nimekwisha shuka. Nikainama chini ya usukani, nikachomoa kisanduku baada ya kurudisha maagizo ya zamani, nikakiweka juu ya magoti yake. Nikachukua kijiti, nikapunguza hewa katika kila gurudumu hadi mipira ikatanuka chini kama muguu wa mutu asiye na viatu. Nikafukua muchanga mbele ya magurudumu kwa sahani niliyoazima jikoni kwa wavuvi. Wanamama walikuwa wamesimama nyuma tayari, mikono juu ya mulango wa pikapu.

"Sukumeni taratibu," nikawaambia.

Nikaweka gia ya chini kabisa. Nikakanyaga kama mutu anayeogopa kuamsha mutoto, kwa sababu ule muchanga unataka mutu wa namna hiyo. Motokari ilitetemeka, ikatoka kwenye shimo, ikaanza kupanda. Haikukimbia. Ilitembea, na sikuinua wala kukaza muguu wangu hadi magurudumu ya mbele yaliposhika barabara. Nilipotazama kwenye kioo, wanamama walikuwa bado chini ya mulima, wameinama, mikono mbele, wakisukuma hewa. Walipanda wakininung'unikia kwamba nimewaacha.

Mujomba alitazama ziwa kupitia dirisha, kile kisanduku mikononi.

"Umurudishie fundi kitu chake," akasema. Kisha: "Na pompa iko wapi? Utafika Kashikishi na mipira imelala hivi?"

Niliitoa pompa nyuma ya kiti. Nilijaza hewa, yeye akihesabu kwa sauti na kunikosoa, na ufunguo ulibaki pale ulipokuwa.

Ninaendesha hadi leo. Muguu wake umepona, lakini safari za ziwani ni zangu. Bidoni za mazuti tunazisugua sasa, na majirani wanatucheka wakituona tunaosha kitu cha kutia mafuta.

Jibu langu, kwa motokari yetu, ni hili: mashine ile haikutufaa. Ilikuwa itufunike macho tusione filta, na katika muchanga ilileta nguvu pahali isipohitajika. Kabla ya kuongeza nguvu, mutu atafute kwanza ile aliyokuwa nayo imepotelea wapi. Lakini fundi hakukubali yote. Nilipomurudishia kisanduku aliniambia kile ni cha watu wa lami, kwamba programu inaweza kuandikwa nyingine, ya kuvuta taratibu kutoka chini, na kwamba siku moja nitamwita. Sijui. Mimi sipendi kukataa kitu nilichojaribu mara moja tu, na tena kwa namna moja tu.

Kwa hiyo ninawaomba ninyi munaoendesha katika muchanga, kwenye matope ya Mofwe au kule Chienge au popote: kama mumewahi kuandikisha programu mupya kwenye moteri, andikeni kwa hawa waliochapisha haya, watanifikishia. Musiniambie motokari imekuwa simba. Niambieni ilikuwa na muzigo gani, mazuti yalitoka wapi, na nguvu ilipokuja, ilikuja namna gani chini ya muguu wenu.