Msonobari wa Mama Elias

Kijijini kwetu, milimani juu ya mji wa Jezzine, Lebanon, wanaume wana dawa moja ya kila kitu: bunduki. Ndege, bunduki. Harusi, bunduki. Januari hii ikawa zamu ya viwavi.

Wadad, tunayemwita Mama Elias, ni mjane. Anashona mapazia, na kila mwaka anauza mbegu za msonobari alioupanda marehemu mumewe. Viwavi waliujengea viota vyeupe kama pamba, wakatafuna majani mpaka upande mmoja ukawa wa kahawia. Shemeji yake Ghattas akatokea na bunduki.

“Shemeji, kaa ndani. Kazi ya dakika mbili hii.”

“Ghattas, nguo ziko kambani!”

“Sasa nitapiga nguo mimi?”

Akapiga kwa karibu. Kiota kikapasuka, vinyweleo vya sumu vikapeperuka hadi kwa jirani. Wadad akavimba macho. Mbwa wa Najla, jirani huyo, alilamba majani, ulimi ukavimba ukawa kama ini. Ghattas anajikuna shingo, eti upepo ndio mbaya. Jamani!

Najla akaja mbio. “Mama Elias, nakupenda, lakini nikiona kiwavi mmoja barabarani, mti unakatwa. Watoto wanapita hapa.”

“Nikimwacha hata mmoja ashuke, nitaukata mwenyewe.”

Tangu hapo Wadad hakumruhusu mtu mwenye bunduki kuukaribia mti. Alivaa glavu, miwani na koti la mvua la mumewe, akafunga mkasi wa matawi kwenye fito ndefu. Asubuhi za baridi, viwavi wakiwa wamejikunyata ndani, alikata kiota kimoja kimoja na kukizamisha kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Vya kileleni hakuvifikia. Viwavi wa huko wangeshuka baridi ikiisha, wamefuatana mkia kwa kichwa, wakajizike ardhini. Kwa hiyo akauzungushia shina mfereji wa plastiki unaowamwaga kwenye mfuko wenye udongo, wajizike humo.

Machi, Najla akapiga kelele barabarani. “Njoo uone! Hawa hapa!”

Kweli, mstari mrefu wa viwavi. Wadad alikaribia kulia. Akageuka kuutazama mfuko wake: umejaa, umefungwa, haujatoboka.

“Najla, tuufuate mstari mpaka mkiani.”

Wakaufuata. Mkia ulikuwa bado unatoka chini ya geti la Najla, kwenye msonobari wake mwenyewe, ambao hakuna aliyewahi kuutazama.

Najla akautazama sasa. Halafu, kwa sauti ndogo: “Mama Elias… mfuko mwingine unao?”

“Upo. Kavae glavu kwanza.”