Daftari la Makosa la Meza ya Prizma

Karakana nzima tunamwita Shangazi, hata Mkuu wa karakana anayemzidi umri. Kazi yake kwa miaka ishirini na mitatu ni moja: kuupa umbo mwanga wa leza. Daiodi, kile kijidude kinachoutoa, ni ndogo kuliko punje ya mchele, na mwanga wake hutoka bapa, mwembamba huku na mpana kule. Shangazi anaupitisha kwenye prizma mbili, vipande vya kioo vya pembetatu, mpaka utoke mviringo. Ukimkuta na kibano mkononi, miwani imemshuka puani, anajiimbia chinichini, utajua huyu kazi yake anaipenda. Mimi nakaa meza ya pili, na nakiri namwonea wivu.

Yeye ndiye aliyeanzisha daftari la makosa. Aliyekosea anaandika mwenyewe, kwa mkono wake, na ni marufuku kumcheka hadi saa ya chakula. Kurasa zangu hazihesabiki. Zake hazifiki tano, na hilo hakosi kulitaja.

Mwezi uliopita ulikuja mchoro mpya, wa kifaa cha madaktari wa macho. Walitaka nukta ndogo ya mwanga, na katika kila sehemu mia zinazotoka kwenye daiodi, tisini zifike. Mkuu alimwambia Shangazi bila kupindisha maneno: zisipofika tisini kufikia Ijumaa, meza ya prizma inafungwa, na yeye anahamia stoo kupanga maboksi. Alikuwa amebakiza miaka mitatu astaafu.

Jumatatu zilifika sabini na moja. Akasafisha vioo. Sabini na moja. Akabadilisha daiodi, akalaumu vumbi, akalaumu feni, akanilaumu mimi kwa kupiga chafya. Sabini na moja. Wimbo ukakoma.

Jumanne nikaona kosa. Nukta ikitakiwa ndogo, mtu hushawishika kuubana ule upande mpana, na Shangazi alikuwa ameubana. Lakini mwanga wa daiodi hutikisika kwa mwelekeo mmoja tu, ule wa upande mwembamba. Prizma zikipangwa kuutanua upande huo, mwanga unapenya kioo kilicholala mshazari karibu wote. Zikipangwa kuubana mpana, kila kioo kinaurudisha kiasi ulikotoka. Nayajua haya kwa sababu ni yeye aliyenifundisha. Sasa ningemwambiaje? Nikajiambia maji hayapandi mlima, atagundua mwenyewe.

Alhamisi asubuhi nilimkuta ameketi, mikono mapajani, anaitazama meza yake kama mtu anayeiaga. Roho iliniuma. Nikachukua daftari ili tu nishike kitu, na kwenye kurasa za mwanzo nikakuta mwandiko wake, wa miaka kumi na tisa iliyopita: “Nimebana mpana, mwanga umepotea. Tanua mwembamba, lenzi ya mwisho itapunguza nukta. Kichwa maji mimi.” Nikaliweka wazi mbele yake, nikarudi mezani kwangu nikijifanya nina kazi.

Alisoma, akapandisha miwani. Kisha akazifungua prizma zote mbili na kuzipanga upya. Ilimchukua hadi saa tisa alasiri. Kipimo kikasoma tisini na sita. Mkuu akaja, akatazama, akakohoa, akaondoka, na habari ya stoo haikusikika tena.

Nilidhani atashangilia. Badala yake aliomba kalamu, akaandika chini ya kosa lake la zamani kwamba amelirudia. Halafu akaniuliza nililiona lini. Nikasema Jumanne.

“Na ukanyamaza.”

“Shangazi, ningeanzaje kukusahihisha wewe?”

“Ungeanza Jumanne,” akasema. “Heshima yako nusura inipeleke stoo, mwanangu.”

Akanisukumia daftari na kalamu. Nikaandika: Niliona kosa, nikanyamaza siku mbili. Alilisoma hadi nukta, akarudi kwenye kibano chake, na wimbo ukaanza tena.

Kesho yake, saa ya chakula, alinicheka mpaka machozi yakamtoka. Nami nikamcheka.