Kibao Shingoni mwa Nabwire

Ushawahi kuona watu wazima, wenye watoto na vitambi, wakivishwa monto?

Mimi nimevishwa. Ilikuwa mtaa wa Tena, Nairobi, mwaka wa tisini na sita, kwenye ukumbi wa kanisa.

Kama ulisoma Kenya unakijua kibao hicho: ukiongea lugha ya nyumbani shuleni, unakivaa shingoni kutwa nzima. Bwana Mulwa, mwalimu wetu wa Kiingereza cha jioni, alikiboresha. Kwake alikivaa yeyote aliyejirekebisha.

"Mtu aliyesoma hajirudi! Ukishatamka, songa mbele!"

Kiingereza chenyewe nilikijua vya kutosha. Shida yangu ni kwamba nikikosea nasikia, na nikisikia situlii. Nasimama, naomba radhi, narudi kurekebisha. Kamba ya kile kibao ikaanza kunuka jasho langu.

Shiundu hakuwahi kukivaa. Jamaa aliteremka tu, makosa akiyaacha nyuma.

Sasa, hoteli moja ya mjini ikatafuta mtu wa mapokezi, na Madam Wanza wa hoteli hiyo akaahidi kuja kutusikiliza. Mimi nilikuwa kibarua wa kupakia biskuti Industrial Area, wa kusimama getini kila asubuhi nikiomba Mungu niitwe. Nilikuwa nimechoka. Kazi ile niliitaka mpaka nikakosa usingizi.

Siku yenyewe Madam akachelewa sana. Alipoingia, viatu vyake vya visigino vilikuwa matope tupu.

Akataka kila mmoja amwelekeze mgeni kutoka stejini, matatu zinaposhusha watu, hadi ukumbini, kwa Kiingereza.

Shiundu akatiririka. Darasa likapiga makofi.

Zamu yangu ikafika. "Ukishuka, pinda kushoto kwa kinyozi... samahani, nimekosea. Kulia. Halafu utaona... hapana, utakuwa umeshaona geti la kijani."

Mulwa akanivisha kibao palepale. "Wee Nabwire, utatuua na aibu!"

Shiundu akaniinamia. "Pole, siz. Rudi kwa mabiskuti."

Machozi yakanilenga.

Madam akauliza, "Kabla ya kutoka nilipiga simu hapa kuuliza njia. Nani alipokea?"

Shiundu akanyoosha mkono, meno yote nje.

"Kiingereza safi. Hukusita hata kidogo. Umenipeleka Komarock, mtaa mwingine kabisa; nimetoka huko sasa hivi, kwa miguu."

Shiundu akashusha mkono.

"Nilijua nimekosea nikiwa katikati," Shiundu akanong'ona. "Lakini Mwalimu alisema tusijirudi."

Madam akamtazama Mulwa, kisha viatu vyake mwenyewe vya matope. "Mgeni wangu akielekezwa vibaya, nataka mtu wa kumwambia samahani kabla hajapotea. Namchukua huyo wa kibao."

Nilipiga nduru, wacha wee! Nikakivua kibao, nikamvisha Mulwa mwenyewe.

Kwa hivyo wewe unayesoma hapa, ukijua umekosea, rudi hapo hapo, wacha wacheke. Ukiona haya, muulize Madam Wanza Komarock ni mbali kiasi gani kwa visigino.