Chai Niliyoikataa kwa Mabukwe

Sisimizi walijua kabla ya daktari. Mama aliwakuta asubuhi wameizunguka ndoo niliyokuwa naitumia usiku, akaniita kwa ile sauti yake ya msibani. "Njoo uone wageni wako." Nikaja, nikaona, nikacheka. Nilikuwa na miaka ishirini na nne, mnene, mwenye afya kwa macho ya mtaa wetu wote wa Nyakabanda, tena nimechumbiwa. Msichana aliyechumbiwa anaogopa sisimizi wa nini?

Ila kiu yenyewe haikuwa na adabu. Nilikuwa fundi cherehani, nimepanga baraza ya duka moja kando ya barabara, na jagi la maji halikutoka miguuni pangu. Nakunywa, nainuka kwenda chooni, narudi, nakunywa tena. Wateja wakaanza kunong'ona kwamba tumbo limeitangulia harusi. Juu ya hayo nilijichoma sindano kidoleni, kidonda cha kijinga kabisa, nacho kikagoma kupona. Ndipo mama akanishika mkono kama mtoto wa darasa la kwanza, akanipeleka hospitali.

Daktari alitoa neno lake la Kifaransa, diyabeti, akaandika dawa, akaenda kwa wagonjwa wengine. Aliyetueleza alikuwa masera, mtawa muuguzi mwenye miwani minene. Akasema mwili wangu umeshindwa kuitumia sukari, ndiyo maana inamwagika kwenye mkojo. "Iko namna mbili," akasema. "Kuna ile ya sindano kila siku. Hii yako inasikia vidonge, chakula na miguu. Ukiiheshimu utazeeka nayo. Una bahati."

Mama akaruka. "Bahati gani, masera? Huu si ugonjwa wa matajiri wazee? Huyu hata pea ya pili ya viatu hana!"

"Sukari haiulizi viatu," masera akajibu, akaendelea kunieleza habari ya maharage na dodo, ule mchicha wetu.

Tulirudi nyumbani. Tulipofika tu, mama akafunga mlango mchana kweupe, akaniketisha kitandani. "Siri ya mtungi aijuaye kata," akasema. "Hili halitoki humu ndani. Wakwe wakisikia, watasema damu yetu ina maradhi, hutazaa, utawafia mikononi. Watarudi nyuma, na baada yao hatakuja mtu." Nikamuuliza kama na mchumba wangu nimfiche. "Huyo ndiye wa kwanza," akasema mama. Nami nilimpenda yule kijana, fundi wa magari mwenye mikono isiyotakata hata siku ya Idi, mpaka nikikaa bila kumwona siku mbili nashona mikono ya gauni nyuma mbele. Nikaogopa. Nikanyamaza.

Wiki za kwanza nilikuwa mtu wa kukimbiwa. Niligombana na kila kitu. Niligombana na mandazi ya jirani kwa sababu ya harufu yake, na mama kwa sababu ya kukoroga kikombe chake mbele yangu. Nyumbani kwetu chai isiyo na sukari ilikuwa ya mtu aliyefiwa au aliyefilisika. Nilipoionja mara ya kwanza nililia, jamani, nililia kwa chai!

Lakini mwili una akili zake. Masera alikuwa amesema miguu, basi nikawa naamka alfajiri, nikishaswali nateremka mpaka bondeni, napanda upande wa pili, halafu narudi kufungua kazi. Mwanzoni nilihema hovyo, vijana wa stendi wakanitania: "Yewe, fundi, unamkimbia nani?" Nikawajibu kwamba naukimbia uso wa baba yao. Polepole kiu ikapungua. Kidole kikapona. Macho, ambayo nilikuwa sikujua kama yameingia ukungu, yakatakata, nikawa napitisha uzi kwenye tundu la sindano mara moja tu. Nikajifunza kula avokado kwa chumvi na ndimu, maharage na isombe ya majani ya muhogo, na chai mkaru, isiyo na maziwa wala sukari, yenye tangawizi nyingi na karafuu moja. Siku moja nikajikuta naitamani hiyo chai kavu. Nilishangaa mwenyewe.

Ulikuwa mwaka ule vyama vingi vya siasa viliporuhusiwa nchini. Vita ilikuwa kaskazini, na redio ya dukani haikuishiwa maneno. Watu walikuwa na mashaka makubwa kuliko sukari yangu, nami niliyajua, na yaliyokuja baadaye sina nguvu ya kuyaandika hapa. Ila nikisema kweli, mimi mwaka ule nilikuwa na furaha. Nilikuwa na kazi, nilikuwa na mchumba, na mwili wangu ulikuwa umeanza kunisikia.

Hapo ndipo mabukwe aliponiita. Mabukwe ndivyo tunavyomwita mama mkwe, nami nilishaanza kumwita hivyo hata kabla ya harusi. Alikuwa mjane, mwembamba, amenyooka, anakaa upande wa chini wa Nyakabanda katika ua wenye wapangaji wengi. Alitaka nimshonee gauni la siku yenyewe, nikaenda na futi yangu shingoni. Alinipokea kwa heshima kubwa. Akatandika mkeka mpya, akaleta sambusa, akaleta chupa ya chai ya maziwa aliyoipika mwenyewe. Akamimina kikombe kimoja. Akakiinua, akanywa kidogo mbele yangu, akafuta ukingo kwa kidole, akanipa.

Asiyejua desturi zetu ataona jambo dogo. Kwetu mwenye nyumba huonja kwanza ili mgeni ajue hakuna sumu ndani. Tunaita gusogongera, na wazee hawamimini bila kufanya hivyo. Akishaonja yeye, wewe huna tena la kusema. Ukikataa hapo, umemwambia usoni kwamba hata kwa kuonja kwake humwamini.

Mvuke tu ulinieleza sukari iliyokuwamo. Kilikuwa kikombe kikubwa cha bati, cha heshima. Nikakumbuka harufu ya mandazi, sisimizi, ukungu wa macho, nikakumbuka pia mlango wa mama uliofungwa mchana. Kuongopa sijui. Ulimi wangu unajua kugombana, uongo haukufundishwa. Nikasema, "Ahsante, mabukwe, nimeshiba."

"Chai haishibishi. Kunywa."

"Nimeshiba kweli."

Akakiangalia kikombe, akaniangalia mimi. "Kwani chai yangu iko na nini?"

Nikasema haina kitu. Na wapangaji wawili waliokuwa wanapeta mchele pale uani wakaacha kupeta. Alinyoosha mikono nimpime, nikampima, na kwa muda wote huo hakuniangalia tena. Nilitoka pale nikijua nimeharibu, sijui tu kwa kiasi gani.

Kiasi nilikijua juma lililofuata. Mchumba wangu alikuja barazani kwangu saa za kazi, jambo ambalo hakuwa na tabia nalo, akakaa kwenye kigoda cha wateja na ovaroli yake ya grisi. "Umemfanya nini mama?" akauliza. Nikapandisha sauti: sikumfanya kitu, kwani chai ni sheria? Akaniacha nimalize. Halafu akaniambia jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia. Zamani, yeye akiwa mdogo, mpangaji wao mmoja alikula kwao siku ya karamu, na kesho yake akafa. Tumbo, basi, watu hufa kwa tumbo. Lakini mtaa ukasema mama yake ni mlozi, anatia watu sumu. Kwa miaka mingi hakuna jirani aliyekunywa maji kwake. Ni juzijuzi tu walikuwa wameanza kumrudia, mmoja mmoja. "Sasa mkwe wake mwenyewe kakataa kikombe alichokionja," akasema. "Mbele ya watu. Jana amepika chai ya wageni, hakuna aliyekuja. Mama hali. Anasema hawezi kumwoza mwanawe kwa mtu anayemwita mlozi."

Nikaacha cherehani. Moyo uliniuma mpaka nikausikia mgongoni. Nikamwambia pale pale, katikati ya vipande vya vitenge: ni sukari. Nikamwambia yote, sisimizi na vidonge na safari zangu za alfajiri. Akasugua grisi kwenye kucha. "Kwa hiyo ndiyo maana umepungua," akasema mwishowe. "Nilidhani umenichoka."

"Mjinga wewe," nikamwambia, na machozi yakanitoka.

Nikamwomba amweleze mama yake. Akakataa, na alikuwa na haki. "Nikisema mimi, ataona namtetea mke. Nenda wewe." Kisha akaongeza, kwa sababu hakuwa mtu wa kunidanganya: "Lakini sijui atasemaje. Mimi ndiye mtoto wake wa pekee. Anataka wajukuu."

Basi nikawa katikati. Nikinyamaza, ndoa imekufa na jina la yule mama limekufa pamoja nayo. Nikisema, huenda ndoa ikafa vilevile, na jina langu likafuata. Mama yangu hata sikumuuliza, ningemuuliza angenifungia ndani. Mficha uchi hazai, nikajisemea, nikafunga kazi, nikateremka.

Nilimkuta mabukwe anachambua maharage peke yake uani. Hakunikaribisha. Sikungoja karibu, nikapiga magoti kwenye vumbi na gauni langu la kazi, nikasema yote kwa pumzi moja: chai yako haina kitu, mabukwe, mimi ndiye mwenye kitu. Nina ugonjwa wa sukari. Daktari amenikataza, na mama aliniambia nisiseme ili usije ukanikataa. Kama utanikataa, nikataa kwa hilo, usinikatae kwa jambo ambalo sijawahi hata kulifikiria.

Maharage yakabaki mkononi mwake. "Ugonjwa?" akauliza.

"Ndiyo, mabukwe."

"Ni ugonjwa tu?"

"Ni ugonjwa tu."

"Alhamdulillahi!" akapaza sauti, akatupa maharage, akanikumbatia shingo mpaka kilemba kikamwanguka. Analia, anacheka, ananipiga mgongoni. "Alhamdulillahi, ni mgonjwa! Mwanangu ni mgonjwa!" Sijawahi kuona mtu akifurahia maradhi namna ile. Mimi niliyekuja na hotuba nzima ya kumbembeleza nikaishia kumwokotea kilemba.

Kisha akainuka, akanishika kifundo cha mkono, akanivuta hadi mlango wa ua unaotazama njia. Akaanza kuita. Aliita wapangaji, akaita wenye nyumba za jirani, akawaita hata wanawake waliokuwa wanateremka na ndoo kwenda bombani. Walikuja, nani haji akiitwa kwa sauti ile? Wale wawili wa mchele wakasimama mbele kabisa.

"Sema," akaniambia.

"Niseme nini, mabukwe?"

"Uliyoniambia. Waambie kwa nini hukunywa chai yangu."

Nikaelewa anachotaka. Lile ambalo mama alilifungia mlango mchana, huyu anataka nilitangaze njiani. Kesho lingefika sokoni, keshokutwa msikitini. Nikamtazama usoni. Alikuwa hanilazimishi tena. Alikuwa ananiomba, mwanamke yule aliyenyooka.

Nikasema. Nina ugonjwa wa sukari, ndiyo maana sinywi chai yake. Sauti ikatoka nyembamba. "Hawajasikia nyuma," akasema. Nikasema tena. Mara ya tatu nilisema mpaka mbwa wa jirani akabweka, na hapo hofu yote ikaniishia, nikawa naona raha. Watu walinitazama, nami nikawatazama, na bado nilikuwa mtu yule yule, fundi aliyewashonea sare za watoto wao.

"Mmesikia wenyewe," mabukwe akawaambia. "Ni sukari."

Mmoja wa wale wa mchele hakukubali kushindwa. Akajifunga khanga vizuri, akauliza kwa upole wa kinafiki: "Na harusi je, dada yangu? Utamwoza kijana wako wa pekee kwa mgonjwa?"

Nikashusha macho. Hilo ndilo swali nililoshuka nalo kilima kizima, nalo sasa lilikuwa limeulizwa mbele ya mtaa, na jibu lake lingekuwa mbele ya mtaa.

"Hujafa hujaumbika," mabukwe akasema. Mkono wangu alikuwa bado ameushika. "Miaka yote nimekaa nanyi hapa, mkijua sikumuua yule mtu. Hakuna hata mmoja wenu aliyesimama njiani akasema. Huyu bado hajaolewa, amejivua nguo mbele yenu ili mimi nivae. Nimwache aende kwa nani?"

Niliondoka pale mbio, nikapanda kilima bila kupumzika, nimuwahi mama yangu, nimweleze mwenyewe kabla maneno ya mtaa hayajamfikia.