Jina la Kwanza Ubaoni

Nianze na kanuni, maana bila kanuni hutaelewa kwa nini kaka yangu alitembea kwa miguu mpaka Kisondela, viatu vya mpira vikining'inia shingoni. Na usiniambie kanuni za mpira hazimhusu mwanamke. Hizo za ligi yetu ya wilaya nilizichapa mimi, kwa vidole hivi hivi, kwenye taipureta iliyokuwa ikikwama kila mvua ikinyesha. Na Tukuyu, mvua hainyeshi kwa msimu, inanyesha kwa mazoea.

Usajili ulipofungwa, timu haikuruhusiwa kumhamisha mchezaji kienyeji. Ilibidi jina lake libandikwe kwanza kwenye ubao wa chama cha mpira, siku tatu, kila mpita njia alisome. Ndani ya siku hizo timu yoyote iliweza kumdai. Wakimdai wawili, anapewa yule aliye chini zaidi kwenye msimamo, ili mnyonge naye apate. Asipodaiwa na mtu, hapo ndipo timu yake iliruhusiwa kumbadilisha na mchezaji wa timu inayomtaka. Akidaiwa, timu yake iliamua: imwachie aende, ielewane na aliyemdai, au imrudishe nyumbani mambo yaishe. Ila kumrudisha ni mara moja tu. Jina lililokwisha kurudishwa likipanda ubaoni mara ya pili msimu ule ule na likadaiwa, hakuna kurudi.

Sasa, watu wa mpira si wajinga. Ukibandika jina moja, kila mtu anajua unachotaka, na mpinzani wako anamdai makusudi akuharibie. Kwa hiyo timu zilibandika nusu ya kikosi, wazuri na wabovu pamoja, ili yule mmoja ajifiche katikati. Na hakuna aliyethubutu kudai wote, maana ukimdai mtu ukaachiwa, ni wako, umlishe na umvishe. Nilikuwa nikichapa orodha hizo huku nacheka peke yangu. Wanaume wazima, wanajificha kama watoto nyuma ya migomba.

Timu yetu ilikuwa ya kiwanda cha chai, na miaka hiyo kiwanda kilikuwa kinangoja kuuzwa. Kila wiki tulisikia habari za mnunuzi mwingine, na kila baada ya muda watu walipunguzwa. Mimi nilikuwa karani, mmoja wa waliobaki, na kazi ya kuchapa barua za timu niliongezewa bila kuulizwa. Mwenyekiti wa timu ndiye aliyekuwa mkubwa wangu ofisini. Sote tulijua kiwanda kikiuzwa, mnunuzi hatahangaika na mpira. Msimu ule ulikuwa wa mwisho.

Golikipa alikuwa kaka yangu. Yeye mtoto wa kwanza nyumbani, mimi wa pili. Miaka kumi na moja alisimama golini kwa timu hiyo, vidole viwili vilishapinda, na hakuwahi kucheza Mbeya hata siku moja. Bingwa wa wilaya ndiye huenda Mbeya kukutana na mabingwa wenzake, na sisi kila mwaka tulimaliza wa pili au wa tatu. Msimu ule tulikuwa tunaongoza. Kaka hakutaka kitu kingine duniani. Biashara ilikuwa imefunguliwa, marobota ya mitumba yakimwagwa Msasani, hapa hapa Tukuyu, kila siku ya soko, na humo alipata glavu za kweli za golikipa, nyeupe. Hakuzivaa. Alizifunga kwenye mfuko wa nailoni akaziweka juu ya kabati, na mke wake alipouliza, akamjibu kwamba hizo ni za Mbeya.

Orodha ya kwanza tuliibandika bado mechi saba. Tulikuwa na majina tisa, na la kaka likiwa juu kabisa, kwa sababu niliyaandika mimi na mimi naandika kama nilivyolelewa. Kwetu mdogo hamtangulii mkubwa, si mlangoni, si kwenye chungu, wala kwenye karatasi. Orodha inayoanza na kijana wakati mkubwa wake yumo ni tusi, hata kama ni orodha ya watu wa kuachwa. Kisondela walikuwa wa mwisho kwenye msimamo, golikipa wao amekwenda Dar kutafuta maisha, wakamdai kaka papo hapo. Mwenyekiti akamrudisha. Tulicheka sana siku hiyo. Kaka mwenyewe alisema heshima aliyopewa na Kisondela sisi hatujawahi kumpa.

Wiki tatu baadaye mwenyekiti alitaka kumtoa winga mmoja wa akiba apate mshambuliaji. Akaniletea majina manane kwenye ukurasa uliochanwa daftarini, akaniambia nichape haraka, anakwenda kuonana na wanunuzi. Nikayatazama. Walewale wa orodha ya kwanza, isipokuwa kaka. La kwanza lilikuwa la yule winga, kijana wa juzijuzi tu.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hasira ilinipanda. Nilijisemea, hivi huyu mzee ana adabu gani? Mtu amekulindia goli miaka kumi na moja, unaandika wenzake wote yeye humwoni, halafu unaanza na mtoto. Nilidhani amesahau. Nikasahihisha. Nikaliweka jina la kaka yangu juu, pale panapomstahili, nikafuatisha wengine kwa umri. Kanuni ya mara ya pili nilikuwa nimeichapa mwenyewe mwanzoni mwa msimu, nakala sita, na haikunijia kichwani hata kidogo. Vidole vyangu viliijua, mimi nilikuwa sikumbuki.

Mwenyekiti alisaini juu ya boneti ya gari, injini inanguruma. Hakusoma. "Wewe nakuamini," aliniambia, akaondoka.

Siku ya tatu Kisondela walimdai tena. Habari ilifika kiwandani kabla ya chai ya saa nne, na hapo hapo ile kanuni ikanirudia yote, neno kwa neno. Ule ukurasa wa daftari ulikuwa bado kwenye droo yangu. Niliukunja, nikautia mfukoni mwa gauni, na jioni niliutia motoni chini ya chungu cha maharage. Nauandika uovu huu kama ulivyo. Wiki ile mwenyekiti alikuwa na orodha nyingine mezani kwake, ya makarani wa kupunguzwa, na mimi nilikuwa na watoto watatu na mume asiye na kazi. Basi niliogopa.

Asubuhi yake mwenyekiti alikuja mezani kwangu. Nilikuwa nimeshatunga uongo wangu, lakini hakuniuliza chochote. Alijikuna kichwa, akasema huenda aliandika yeye mwenyewe, siku hizi ana mambo mengi. Nilishangaa nikashukuru. Alikwenda chama kuomba kaka arudishwe, wakamwonyesha saini yake. Wakamwambia kanuni ni kanuni.

Kaka alifika kwangu kuaga, akanywa chai, akasifu ndizi nilizopika, akanitazama kitambo kirefu. Nilimwona anangoja kitu. Nikainuka nikaenda kuongeza kuni zisizohitaji kuongezwa. Alipotoka aliacha mfuko wa nailoni kwa golikipa wa akiba, na kesho yake akashika njia ya Kisondela.

Mji mzima ulimlaumu mwenyekiti. Walisema amemtupa mtu aliyemtumikia. Wifi yangu aliacha kumwamkia, hata kanisani alikuwa akihama benchi. Na mimi nilikuwa nikimsikiliza wifi akimlaani yule mzee, natikisa kichwa pamoja naye.

Mechi ya mwisho ya ligi, Kisondela walikuja kwetu. Tulihitaji ushindi tu. Kaka alidaka kila kitu mpaka nikaanza kumwombea mabaya, Mungu anisamehe, kisha dakika za mwisho mpira ulimgonga beki wake mwenyewe mguuni ukaingia upande wa pili. Uwanja ulilipuka. Wachezaji wetu walibebwa mabegani mpaka barabara kuu. Mashabiki wa Kisondela wakamzonga kaka, wakasema ameuza mechi kwa ndugu zake. Alifunga kamba za viatu pamoja, akavitundika shingoni, akapanda zake njia ya Kisondela kwenye ukungu, maana kanuni ilimtaka akakabidhi jezi. Hakudaka tena mpira maisha yake yote.

Mbeya walikwenda bila yeye, wakafungwa mechi zote. Kiwanda kiliuzwa, timu ikafa. Na mimi nilipunguzwa hata hivyo, kwenye kundi la pili.

Miaka ikapita. Kaka alihamia Nkunga kwenye shamba la mkewe, akapanda parachichi, akazeeka vizuri. Kila sikukuu tulikula pamoja. Alipoanza kuugua kifua nilikwenda kumuuguza, na mchana mmoja, mkewe akiwa kisimani, nilishindwa kuendelea. Nikamweleza yote: orodha, hasira yangu, ukurasa chini ya chungu. Nililia kama mtoto.

Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Nilijua siku ile ile, mdogo wangu. Nilikwenda kwa mwenyekiti jioni, akaniapia hakuniandika. Nikamwambia, mzee, una mambo mengi, utakuwa umesahau. Lakini jina langu lilikuwa juu; ni nani mwingine zaidi yako angeniweka wa kwanza?"

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Kosa lilikuwa la heshima, lile nililisamehe njiani kabla sijafika Kisondela. Nilikuwa nangoja uje useme. Nimekaa mezani kwako kila Krismasi nikingoja." Alipumzika apate pumzi. "Hilo ndilo limeniuma."

Nilimshika mkono, ule wenye vidole vilivyopinda, naye akauacha mkononi mwangu, lakini yeye hakunishika.

Alifariki kabla masika hayajaisha. Msibani walinipa kalamu, kama kawaida, karani ni karani, niandike majina ya familia yatakayosomwa kanisani. Nilikaa kwenye benchi la nyuma ya nyumba, karatasi gotini. Mkono ulikwenda wenyewe kuandika jina lake juu, na niliposhtuka nilikuwa nimeshaandika herufi mbili. Nikazikata. Mkubwa wa nyumba sasa nilikuwa mimi, na orodha ya kwetu haianzi na mdogo, kwa hiyo niliandika jina langu.