Marcelline Aenda Kumwona Jacques

Kwa miaka mitatu Marcelline alikuwa akimdanganya mama yake. Alikuwa fundi cherehani, amepanga chumba Bellevue, Johannesburg, na wateja wake wengi aliwapata kanisani. Mdogo wake, Jacques, aliondoka Bukavu akapitia Libya kwenda Ulaya. Mwaka 2015 mtu aliyesafiri na Jacques alimpigia Marcelline simu: boti la mpira lilipasuka, Jacques amezama. Marcelline alilia peke yake. Mama aliyebaki Bukavu alikuwa na presha, hivyo Marcelline akamwambia kwamba Jacques amefika, yuko kazini, simu yake inasumbua. Kila mara mama alipouliza, aliongeza kidogo: anapika hotelini, amenenepa.

Mwaka 2018 ujumbe uliingia kwenye Facebook ya kwaya ya kanisani kwake, chini ya picha ya Pasaka. "Huyo wa kwanza kushoto ni dada yangu. Mwambieni niko hai."

Walizungumza kwa simu, lakini Marcelline alitaka kumwona kwa macho. Pasipoti ya Afrika Kusini alikuwa nayo. Viza ilipotoka, akafunga cherehani akaenda.

Bandari ya wavuvi aliyoelekezwa, huko Sisilia, Italia, ilikuwa ndogo na kimya. Wazee wawili walikuwa wakishona nyavu zilizochanika, na Marcelline alisimama akiangalia mikono yao ili asiangalie bahari. Karibu na adhuhuri mashua ya buluu iliingia. Kijana mmoja mwenye ovaroli ya mpira alikuwa anapanga makreti ya dagaa. Alipomwona, alibaki mle mle ndani.

"Yaya," akaita, kama wanavyomwita dada mkubwa kwao.

"Shuka, Jacques."

Alishuka. Marcelline alimshika mabega, akamshika uso, akamkumbatia na maji yake ya samaki.

"Umekonda," akasema. "Na mimi nilimwambia mama umenenepa."

"Wavuvi wa mashua hii ndio walionitoa majini," Jacques akasema. "Nilipopona niliona haya kuwatafuta ninyi. Nilitaka kwanza niwe na kazi."

"Mimi nilikuzika, Jacques. Kazi ningeifanyia nini?"

Marcelline alipiga namba ya Bukavu, akampa simu.

"Mama, ni mimi."

Mama akauliza, "Huko hotelini wanakupikisha nini?"

Jacques alimgeukia dada yake, ambaye alikuwa amejifunika uso kwa kitenge, akicheka na kulia.

"Samaki, mama," akasema.

Jioni, mama alipokwisha kumsikiliza Jacques vya kutosha, Marcelline alimweleza ukweli wote. Mama akasema hajamsamehe bado, ila ale, alale.

Marcelline alilala kwenye kochi la Jacques. Alipoamka jua lilikuwa juu na mashua imekwisha kutoka. Alinunua kahawa, akaenda kukaa na wale wazee wa nyavu gatini, akingoja mashua irudi.